"Lipia unachotumia": maana yake kwenye hifadhi ya data ya kiwanda

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi, hadi 15 Agosti. Mitumbwi ikapandishwa mchangani, chanja za kuanikia zikabaki tupu, na kiwanda kimoja cha kufungasha dagaa hapa Kigoma, ambacho huwa nakisaidia mambo ya kompyuta, kikazima mashine zake. Wakabaki walinzi na mhasibu. Mwezi wa saba mwenye kiwanda akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi, hebu nieleze kitu. Tumefunga. LUKU niliyonunua mwezi uliopita bado ipo. Mbona bili ya hifadhi ya data imepanda?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Mkataba wake unasema wazi kwamba analipia anachotumia, na Mtanzania akisikia maneno hayo, kinachomjia kichwani ni LUKU: ukizima pasi, yuniti hazitembei. Kwenye hifadhi ya data neno "kutumia" limebeba maana nyingine. Kutumia ni kuweka. Faili ambalo hujalifungua tangu mwaka juzi linahesabiwa sawasawa na lile ulilolifungua asubuhi ya leo.

Mfano unaokaa vizuri zaidi ni ghala la kupanga. Una magunia 100 ya dagaa, mwenye ghala anatoza kwa gunia kwa mwezi. Usipokanyaga pale mwezi mzima, unadaiwa magunia 100. Ukiongeza 10, unadaiwa 110. Bili haishuki mpaka utoe magunia. Tofauti ni moja: dagaa wakikaa sana wanatoa harufu na mtu anakumbuka kwamba wapo. Faili halinuki.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu mpango huu ulikuja kutatua tatizo la kweli. Zamani kiwanda kilinunua seva yake, yaani kompyuta kubwa ya kutunzia data. Unakisia utahitaji nafasi kiasi gani kwa miaka mitano ijayo, unalipa zote leo, mzigo unatoka Dar es Salaam kama kilomita 1,250 kwa reli, unafungwa kwenye chumba cha nyuma pamoja na maboksi ya vifungashio. Ukikisia juu, umezika mtaji kwenye diski tupu. Ukikisia chini, mwaka wa tatu diski zimejaa, na mtu anaanza kufuta vitu kwa haraka usiku wa kufunga hesabu. Nimeshaona mhasibu akihamishia mauzo ya mwaka mzima kwenye flashi moja ya kamba, akaivaa shingoni kama kitambulisho.

Kulipia kwa matumizi kunayageuza malipo hayo ya mara moja kuwa bili ya kila mwezi. Kwa mhasibu, kinachohama ni mahali pa kuandika: badala ya mali ya kudumu inayohesabiwa uchakavu mwaka hadi mwaka, inakuwa gharama ya uendeshaji kama maji na umeme. Na kazi ya kukisia anaibeba muuzaji.

Mpango wenyewe unakuja kwa sura mbili. Ya kwanza ni wingu: data inakaa kwenye majengo ya kampuni nyingine, unaifikia kwa intaneti. Huduma ya S3 ya Amazon ilianza hivyo mwezi Machi 2006, ikitoza senti 15 za dola kwa gigabaiti moja kwa mwezi. Leo bei ya daraja la kawaida kwenye vituo vyao vya mashariki mwa Marekani inaanzia senti 2.3. Sura ya pili haijulikani sana huku kwetu: mtambo unaletwa na kufungwa kiwandani kwako, lakini si wako. Muuzaji anafunga nafasi kubwa kuliko unayohitaji, anaweka programu ya kupima, na kila mwezi anakutoza kwa kile kilichojaa. Ukikaribia ukingo, anaongeza diski kabla hujapiga simu. HPE wanaiuza kwa jina la GreenLake, NetApp wanaiita Keystone, Pure Storage wana Evergreen//One. Hao wanawinda viwanda vikubwa kuliko cha mama yangu huyu, ila kampuni za hapa nchini zinaweza kukufungia mpango wa namna hiyo hiyo kwa kipimo kidogo, na ndio aliokuwa nao.

Kwa nini hakwenda wingu moja kwa moja? Kwa sababu ya kamera. Ana kamera 16, na kila moja inatoa kama megabiti 2 kwa sekunde. Piga hesabu, ukikumbuka kwamba biti nane ni baiti moja: kamera moja inajaza gigabaiti 21.6 kwa siku, zote 16 zinajaza gigabaiti 345.6, na kwa siku 30 ni gigabaiti 10,368, yaani terabaiti 10 na ushee. Kupandisha terabaiti 10 kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde, bila kukatika hata dakika moja, ni siku 46. Na kamera zenyewe zinatoa megabiti 32 kila sekunde. Yaani laini ya 20 haiwezi hata kumaliza kupandisha video ya leo. Kila siku unabaki nyuma zaidi. Kwa hiyo video inakaa kiwandani, na vitu vidogo vyenye thamani, kama hesabu, kumbukumbu za mizani na vyeti vya ubora, vinapelekwa nakala wingu.

Hapo ndipo jibu la bili lilipokuwa. Mashine zilizimwa, kamera hazikuzimwa, na ni sawa, maana kiwanda kilichofungwa ndicho kinachohitaji macho. Ila zamani kinasa video cha kamera kilikuwa kinajifutia chenyewe kila baada ya siku 30. Tulipohamia mtambo mpya hakuna aliyeweka kanuni hiyo. Na mimi nilikuwepo siku ya kufunga, kwa hiyo sehemu ya lawama naichukua. Miezi mitatu ya video, mingi ikiwa ya uwanja mtupu, paka anapita, mlinzi anahamisha kiti kufuata kivuli: terabaiti 31. Kwa bei ile ya S3, kama kipimo tu, ni kutoka dola 238 kwa mwezi hadi dola 715.

Kuna maneno mengine kwenye mikataba hii ambayo nayapa uzito kuliko bei iliyoandikwa ukurasa wa kwanza. La kwanza ni kiwango cha chini. Mipango mingi ya mtambo uliofungwa kwako ina kiasi utakacholipia hata usipokijaza, na muda wa mkataba unahesabika kwa miaka. Kwa biashara inayofuata ziwa, ambayo mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalala nyumbani na msimu ukifungwa hakuna mzigo kabisa, kiwango cha chini kikiwekwa juu kinarudisha tatizo lile lile la kununua seva kubwa, safari hii kwa awamu.

Jingine ni kipimo chenyewe. Kila ngazi, toka baiti hadi terabaiti, inaweza kuhesabiwa kwa elfu au kwa 1,024, na ukifika kwenye terabaiti tofauti inakaribia asilimia 10. Uliza pia kama mita inasoma kabla au baada ya kubana data. Hesabu na nyaraka hubanika sana. Video ya kamera tayari imeshabanwa na kamera yenyewe, kwa hiyo anayekuahidi kwamba itaingia nusu anauza maneno. Na uliza kama unatozwa kwa wastani wa mwezi au kwa siku ile uliyojaza kupita zote. Kwa anayepakia na kufuta mara kwa mara, hilo peke yake linatosha kubadilisha bili.

Wingu nalo lina mitego yake. Kuingiza data kwa kawaida ni bure, kuitoa kunalipiwa. Zipo stoo za bei chee za vitu visivyoguswa, ila zina masharti: kwenye daraja la Glacier Deep Archive la Amazon, ukifuta faili kabla ya siku 180 bado unalipia siku zilizobaki. Hizo zinafaa kwa risiti na vitabu vya hesabu, ambavyo sheria ya usimamizi wa kodi inataka utunze miaka mitano. Hazifai kwa video ya mwezi mmoja.

Umeme wa mtambo uliofungwa kwako ni juu yako, pamoja na feni ya chumba na betri ya kushikilia pale umeme unapokatika. Mita ya muuzaji haisomi hayo.

Basi tukakaa na mama na mhasibu mezani, tukakubaliana: video siku 30, isipokuwa kamera ya mizani na ya lango, siku 90, kwa sababu ugomvi wa uzito huwa unachelewa kufika. Nikaweka kanuni, nikafuta za zamani. Wiki moja baadaye akanipigia tena.

"Mwanangu, umefuta kweli? Mita haijatikisika."

Nilikuwa nimefuta. Lakini mtambo huwa unapiga picha ya hali yake kila usiku, ili mtu akifuta kwa bahati mbaya tuweze kurudisha, na picha hizo zinashikilia kile kilichofutwa mpaka muda wake uishe. Kwake zilikuwa zimepangwa kukaa siku 35. Magunia yameshatolewa kwenye daftari, bado yamesimama ghalani, na mita inahesabu ghala.

"Kwa hiyo lini?"

"Mwezi wa tisa mwanzoni, mama."

"Ziwa litakuwa limeshafunguliwa," akasema, akakata simu.