Si kweli kwamba uchoraji lazima uanze utotoni

Wengi huamini kuwa asiyeshika brashi akiwa mdogo basi tena, mkono umeshakakamaa. Imani hiyo haina mashiko.

Anna Mary Robertson Moses, mkulima wa Marekani aliyezaliwa 1860, alikuwa akitarizi picha kwa uzi wa sufu hadi ugonjwa wa viungo ulipofanya sindano imshinde. Akahamia kwenye brashi akiwa na zaidi ya miaka 70, na mwaka 1940 akapata maonyesho yake binafsi ya kwanza New York. Emily Kame Kngwarreye wa Australia alianza kuchora kwenye turubai akikaribia miaka 80. Ingawa, tuseme ukweli, hakuanzia sifuri, maana alikuwa ameshatengeneza batiki kwa miaka kadhaa.

Kinachowashinda wanaoanza, wa umri wowote, mara nyingi ni jicho kuliko mkono. Mwambie mtu achore kikombe kilicho mezani mbele yake: mdomo ataufanya duara kamili, kwa sababu anajua ni duara, halafu kitako atakipiga mstari ulionyooka, kwa sababu kimekaa juu ya meza. Akitazama sawasawa ataona mdomo umebanwa kama yai, na kitako nacho kimepinda, tena kuliko mdomo. Kutazama huko hufundishika hata ukiwa na miaka 65.

Mkono unaotetemeka ni shida ya kweli, sikatai. Lakini karatasi kubwa na brashi pana hupunguza adha, kwani mstari huvutwa kwa bega badala ya vidole.