Macho yakitokeza, usianze na mahasidi

Wiki hii ni wa tatu. Nahodha wa Shela, damu imeonyesha tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, macho yametokeza hata kope hazifungi vizuri usiku. "Ni mato ya watu, daktari." Namuuliza avuta ngapi kwa siku. Anacheka: "Sigara ni ya mapafu, machoni yaingiaje?"

Yaingia, tena kwa mlango mkubwa. Katika ugonjwa wa Graves kinga ya mwili huishambulia tezi, na huishambulia pia misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Vikivimba, mfupa wa tundu hautanuki, basi jicho husukumwa mbele. Moshi huuchochea moto huo. Kadiri mgonjwa wa Graves anavyozidisha sigara ndivyo hatari ya macho inavyopanda, na akishaumwa, steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, hazimfai kama zinavyomfaa asiyevuta. Kwa hiyo msiniletee "nimepunguza, natia tatu tu barazani baada ya isha". Sitaki tatu. Na wewe unayevutia chumbani ilhali mkeo ndiye mwenye Graves, nakutaka uje naye kliniki. Umri hubadilishi, ukoo hubadilishi. Pakiti waweza kuitupa leo.

Eti ni maradhi ya wanawake. Wao huyapata zaidi, kweli, lakini wanaume na wenye umri mkubwa ndio huumizwa vibaya.

Eti mla samaki hapati. Samaki ana iodini, na ukosefu wa iodini huleta rovu, uvimbe wa tezi, la namna nyingine. Graves haimwogopi changu wala kamba.

Eti tezi ikitulia macho hurudi yenyewe. Tezi iliyochachamaa huyazidisha, na iliyolazwa mno kwa dawa vilevile, ndiyo maana nagombana na wanaokimbia vipimo vya damu. Ila macho yana safari yake: huweza kuwaka mwaka na zaidi hali damu imeshakaa sawa, na wengine huanza machoni kabla ya tezi. Anayepelekwa Nairobi kunywa iodini ya mionzi ya kuizima tezi aseme mapema kwamba macho yameanza, maana tiba hiyo huweza kuyachochea, na kuna steroidi za kuyakinga.

Ukija, njoo na kitambulisho cha zamani. Picha ile hunionyesha macho yalivyokuwa. Na ukiona rangi nyekundu ya vitu imefifia unapotazama kwa jicho moja, usingoje siku ya kliniki. Panda boti siku hiyo hiyo.