Kabla hujaagiza reli za treni ya modeli, zichore kwanza kwenye kompyuta

Watu wa kwetu walioanza hobi ya treni za modeli wananiuliza sana "programu ipi nzuri ya kuchorea njia", na mimi nawarudishia swali, reli utanunua za kampuni gani? Maana programu hizi karibu zote zinaendeshwa na maktaba ya vipande, yaani kila kipande anachouza Peco au Hornby au Kato au Märklin kimo mle ndani na vipimo vyake kamili, we unakivuta kwa mausi unakiunganisha na mwenzake. Ukichora kwa maktaba ya Märklin alafu ukanunua Hornby umechora bure, kona zao hazilingani.

Na ukiwa Dar au Nairobi hili linauma zaidi. Mwenzako wa Uingereza akipungukiwa kipande kimoja anaenda dukani Jumamosi, wewe unasubiri mzigo au ndugu atakayekuja Desemba. Ndo maana mimi ile picha ya 3D inayovutia kila mtu siihesabu sana, nachotaka ni orodha ya vipande inayotoka mwishoni: reli nyoofu ngapi, kona ngapi, pointi za kushoto ngapi na za kulia ngapi (pointi ni pale treni inapohamia njia nyingine).

Programu zenyewe haraka haraka. AnyRail ndo rahisi kujifunza, ila ya bure inaishia vipande 50. SCARM ya bure inafika 100 na 3D yake iko vizuri. XTrackCAD ni bure kabisa, programu huria, inakaa Windows, Mac na Linux, sura yake ya kizamani na siku za mwanzo utaichukia lakini vumilia. Templot ni ya wale wanaojenga reli kwa mkono taruma kwa taruma, usianzie huko.

Sasa tuchukue ubao halisi, plaiwudi ya futi 8 kwa 4, ile ile unayoikuta Buguruni au Gikomba, milimita 2440 kwa 1220. Reli tuchukue Setrack za Peco, zile za vipande vigumu vya saizi maalumu, skeli ya OO (modeli ni ndogo mara 76 kuliko treni halisi). Kona zake ziko saizi nne, na nusu kipenyo kinapanda kwa milimita 67: 371, 438, 505, 572. Mtu anaona 572, anasema hii ndo yenyewe, kona pana treni itapendeza. Haya, duara lake lina upana wa 1144 kutoka katikati ya reli hadi katikati ya reli, kwenye 1220 unabakiwa na milimita 38 kila upande na hapo mataruma bado hayajala kama 15, kwa hiyo siku treni ikiacha njia inatua sakafuni. Rudi kwenye 505, duara linakuwa 1010, unabaki na 105 kila upande, pazuri. Weka nyoofu saba za milimita 168 kila upande, urefu wote unakuwa 2186, bado uko ndani ya ubao, na ile 438 inakaa ndani yake kama njia ya pili. Hesabu hizi unaweza kuzifanya kwenye daftari, ila kwenye skrini unabadilisha kona moja na njia nzima inajipanga upya mbele yako.

Pale programu inapowavunja watu moyo ni kwenye mlima. Kila mtu anataka treni moja ipite juu ya nyingine kwenye daraja. Kwa OO unahitaji kama milimita 80 kutoka reli ya chini hadi ya juu, na mwinuko wa kistaarabu usizidi asilimia 3, zaidi ya hapo kichwa cha treni kinaanza kuteleza hasa kikiwa na mabehewa kwenye kona. Milimita 80 kwa asilimia 3 ni mita 2.67 za kupanda, na kushuka hivo hivo, jumla mita 5.33. Mzunguko wetu wote pale juu una mita 5.5! Yaani treni itakuwa inapanda au inashuka karibu muda wote, na stesheni ukiijenga juu ya mteremko mabehewa yanajiondokea yenyewe. Ukiandika kimo kwenye kila kiungo programu inakuonyesha asilimia, ikisoma 6 au 7 usibishane nayo, futa daraja.

Kitu kingine ni kona mbili zinazopingana, kushoto alafu kulia papo hapo. Programu itaziunganisha bila kulalamika kwa sababu kihesabu zinaungana, lakini mabehewa marefu yanavutana pale na kutoka njiani. Weka kati yao reli nyoofu yenye urefu wa behewa lako refu kuliko yote. Pia angalia ukichanganya Setrack na Streamline, zote za Peco lakini Setrack njia mbili sambamba zinaachana kwa milimita 67 na Streamline kama 50, afu pointi za Setrack zinachepuka nyuzi 22.5 na za Streamline 12, usipojaza tofauti hiyo kwa reli laini unayoipinda mwenyewe haziwezi kukutana.

Kwenye umeme nako usitegemee programu ikuonye. Njia ikijikunja ikarudi yenyewe upande ule ilikotoka, reli ya kushoto inakutana na ya kulia, inapiga shoti. Kwenye mchoro ni nzuri tu. Mimi nafuata reli moja kwa kidole kwenye skrini mpaka mwisho, ikitokea imehamia upande wa pili najua hapo pa kukata na kuweka kifaa cha kugeuza umeme.

Wanaotaka kujenga reli zetu, geji kwanza, yaani upana kati ya reli mbili, na hapa tunatumia skeli ya HO ambayo ni 1:87. Reli ya Kati ni milimita 1000, ukigawa kwa 87 ni 11.5, TAZARA ni 1067 inakuja 12.3, kwa hiyo zote mbili unachora kwa maktaba ya HOm, ile HO ya reli nyembamba yenye geji ya milimita 12. Hapo kwenye ubao wako treni ya TAZARA na ya Reli ya Kati zitapita njia moja, jambo ambalo Kidatu, zinapokutana reli hizo mbili, haliwezekani, pale mzigo unahamishwa. SGR ni 1435, inaangukia 16.5 bila shida, hiyo ni HO ya kawaida. Ukitaka Garratt za darasa la 59, vile vichwa vikubwa vya treni ya mvuke vyenye majina ya milima kama Mount Gelai iliyoko makumbusho ya reli Nairobi, jua kwamba kwenye 1:87 mashine peke yake inazidi sentimita 35, pima njia za stesheni kabla hujaweka hata behewa moja.

Ubao wa futi 4 ukiusukuma ukutani mkono haufiki nyuma, kwa kawaida tunaishia kama sentimita 75, kwa hiyo pointi zote zilete mbele.

Ukimaliza printi mchoro kwa saizi kamili, ubandike kwenye plaiwudi karatasi kwa karatasi. Kwenye printa chagua asilimia 100, ile ya kutosheleza karatasi izime maana inapunguza mchoro kimyakimya, alafu chukua rula upime kipande kimoja cha 168 kwenye karatasi ya kwanza kabla hujamaliza wino.