Aliyesoma uuguzi mtandaoni, wodi kaiona?

"Huyo kasomea kwenye kompyuta, asinichome sindano." Kauli hii imezunguka miaka mingi, na inachukulia kwamba kusoma mtandaoni ni kuikwepa wodi. Sivyo.

Tazama Kenya. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walianzisha masomo ya kompyuta ya kuwapandisha wauguzi wenye cheti hadi stashahada. Walengwa walikuwa tayari kazini, wengi mbali na miji, na kuwaita wote chuoni kungeacha zahanati bila mtu. (Zipo zenye muuguzi mmoja tu.) Nadharia ilipita kwenye kompyuta, vitendo vilibaki hospitalini, chini ya msimamizi.

Chukua uzazi. Kujaza chati ya uchungu, yaani mapigo ya moyo wa mtoto, presha ya mama, njia inavyofunguka saa hadi saa, unaweza kujifunzia kwenye simu, ukakosea mara kumi bila kumdhuru mtu. Lakini kupima kwa vidole viwili kama njia imefunguka sentimita 4 au 6, hakuna video itakayokufundisha. Hapo ni glovu, mama mwenyewe kitandani, na mkunga mzoefu anayepima baada yako kuona kama mmeafikiana.

Kwa maoni yangu, tatizo la kweli liko kwa mkunga huyo. Vijijini mara nyingi yuko peke yake zamu nzima, na msimamizi hanunuliwi kama bando.