Njoo kabla pua haijaziba

Natibu mafua ya aleji hapa Mwanza kwa akupancha, zile sindano za Kichina zisizo na dawa ndani. Kila mwezi wa saba benchi langu hujaa watu wenye leso mkononi. Masika yamekwisha, nyasi za katikati ya mawe zimekauka, vumbi la Igoma na Buhongwa liko juu juu, na mtu anaingia akipiga chafya: "Daktari, nichome hata sasa hivi." Namchoma. Ila namwambia kabisa kwamba angekuja mwezi wa tano.

Mafua ya aleji hayaletwi na baridi. Kinga ya mwili inaiona chavua (unga wa maua) au vumbi kuwa adui, inamwaga kemikali iitwayo histamini, basi pua inatiririka maji na macho yanawasha. Huku ziwani tuna na la ziada: wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi mwezi unapoandama. Mama mmoja muanika dagaa ndiye aliyenifungua macho. Mimi nililaumu moshi wa samaki, yeye akanionyesha kalenda aliyoweka alama za siku anazobanwa. Zilifuatana na mwezi mchanga.

Sindano zenyewe ni nyembamba, karibu robo milimita, na za kutumia mara moja. Mbili naziweka kando ya matundu ya pua, sehemu Wachina wanayoiita Yingxiang. Nyingine kati ya kidole gumba na cha shahada (mjamzito simchomi hapo), na nyingine vidole vinne chini ya goti. "Mguu na pua wapi na wapi?" mama akauliza. Nikaizungusha kidogo, akakunja uso: si maumivu, ni uzito unaoshuka hadi kwenye kifundo. Tunausubiri huo uzito.

Je, inafanya kazi? Ujerumani walipima watu 422 wenye aleji ya chavua, matokeo yakatoka 2013. Waliochomwa mara 12 ndani ya wiki 8 walipata nafuu kuliko waliochomwa sindano za kuigiza, na setirizini, kidonge cha kutuliza aleji, waliihitaji kidogo zaidi. Nafuu yenyewe haikuwa kubwa sana, na kufikia wiki ya 16 tofauti ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo anayekuahidi kukuponya moja kwa moja, mkimbie.

Upande wa mitishamba, ya kinga ni Yupingfeng, mchanganyiko wa mimea mitatu ya Kichina: huangqi, baizhu na fangfeng. Naianza wiki kadhaa kabla ya kiangazi, kwa mtu anayechoka upesi na kushikwa na mafua kila mara. Anayetumia dawa za kushusha kinga simpi. Pua ikishaziba tunabadilisha mitishamba, na hapo ndipo pa kuogopa: ule uitwao cang'erzi usipokaangwa vizuri ni sumu kwa ini, na mwingine, mahuang, hupandisha presha. Unga usio na lebo unaouzwa stendi usiuguse, hata kama muuzaji anakuita shemeji. Mtoa tiba muulize cheti chake cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala; mimi changu nimekibandika ukutani.

Mwenye pumu asiache pampu yake kwa sababu yangu.

Mama wa dagaa mwaka huu amewahi, wiki hii kachomwa mara ya tatu. Usiku wa wadudu bado anameza setirizini yake, wala sijamkataza.