Tozo ya foleni Stockholm: iliwekwa, ikaondolewa, ikarudishwa

Kazi yangu ni upangaji wa usafiri mijini, na kila ninapoulizwa kama kumtoza dereva fedha za kuingia katikati ya jiji kunapunguza foleni kweli, huanza na Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, kwa sababu huko tozo iliwekwa, ikaondolewa, kisha ikarudishwa, na kila mara mabadiliko yalionekana barabarani.

Majaribio yalianza tarehe 3 Januari 2006 na kumalizika tarehe 31 Julai. Jiji hilo limejengwa juu ya visiwa, hivyo njia za kuingia katikati ni chache na nyingi hupita madarajani. Vituo 18 vilitosha kulizunguka eneo lote. Dereva hasimamishwi. Hupita chini ya nguzo za chuma zilizovuka barabara, kamera ikasoma namba ya gari lake, na deni likamfuata baadaye. Wakati huo alilipa krona 10, 15 au 20 kulingana na saa, ghali zaidi asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini, lakini kwa siku nzima hakuzidisha krona 60. Usiku, Jumamosi na Jumapili alipita bure. Wakazi wa kisiwa cha Lidingö, ambao hawakuwa na barabara nyingine ya kufika bara ila kupitia eneo hilo, hawakutozwa iwapo waliingia na kutoka ndani ya dakika 30, na kwangu huo ulikuwa uamuzi wa haki.

Magari yaliyoingia na kutoka yalipungua kwa takriban moja ya tano. Wengi hudhani kwamba foleni nayo hupungua kwa kiasi hichohicho, lakini barabara iliyokaribia kujaa haiendi hivyo. Kila gari linaloongezeka huyachelewesha yote yaliyo nyuma yake, kwa hiyo wakiondoka madereva wachache, wale ambao safari yao ingeweza kusubiri au kufanywa kwa basi, waliobaki hupata nafuu kubwa mno. Katika njia nyingi za kuingia jijini, muda uliopotea kwenye foleni ulishuka kwa theluthi moja hadi nusu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tunaopenda usafiri wa umma hatuna budi kulikubali. Mabasi ya ziada yaliletwa Agosti 2005, miezi kadhaa kabla ya tozo, na katika muda huo magari binafsi hayakupungua kwa kiasi cha kuonekana. Yalipungua tozo ilipoanza, na walioacha magari yao wakakuta mabasi na treni vikiwasubiri.

Majaribio yalipokwisha, magari mengi yakarudi. Wakazi, ambao mwanzoni wengi wao waliipinga tozo, walipiga kura ya maoni Septemba 2006 wakiwa wameshaonja hali zote mbili, na waliokubali jijini wakawa wengi kuliko waliokataa. Manispaa za jirani zilizopiga kura zao zilikataa. Tozo ikawa ya kudumu tarehe 1 Agosti 2007.

Kisheria hiyo ni kodi ya taifa, na serikali iliyoingia madarakani mwaka 2006 iliamua mapato yake yaende kwenye ujenzi wa barabara. Hapo sikubaliani nayo. Aliyeliacha gari lake nyumbani sasa amesimama ndani ya basi lililojaa, na fedha hizo zingeanza kwa kumpatia kiti.