Mpasuo wa sketi huanza kwenye karatasi

Skukuu zikikaribia, wateja wangu wa mjini huniomba mambo mawili kwa pumzi moja: sketi ibane chini, na mpasuo usitoe mguu nje. Yote mawili yanawezekana, ilimradi fundi auchore mpasuo kabla hajashika mkasi. Wapo wanaomaliza sketi nzima, kisha wanafumua mshono wa nyuma kwa chini na kuuita mpasuo. Huo utaendelea kufumuka wenyewe.

Kwanza hesabu. Ukibana inchi 1 kila ubavu, kipande cha mbele na cha nyuma, mzunguko wa chini umepungua inchi 4. Hizo ni hatua ulizomnyang'anya mvaaji, na atazidai akipanda daladala. Mpime kutoka kiunoni hadi nyuma ya goti, tia alama kwenye karatasi. Mpasuo wa wazi mimi siupitishi juu ya alama hiyo.

Wa ubavuni ni mwepesi: kuanzia inchi 1 juu ya mpasuo hadi chini, ongeza akiba ya mshono iwe inchi 1½ ili ukunje ndani. Ukitaka kona ya chini iwe ya mviringo, kukunja hakutoshi, kitambaa kitavutana. Kata kipande cha ndani cha peke yake kwa kufuata mviringo uleule na mwelekeo uleule wa nyuzi.

Wa nyuma wa kufunikana, ongeza inchi 2 nje ya mstari wa kati, pande zote mbili. Juu ya nyongeza usikate mraba. Kata mshazari, kisha upite hapo na charahani ili uzito usining'inie kwenye uzi mmoja. Upande wa kushoto ulale juu ya wa kulia. Bitana nayo haikatwi sawa kushoto na kulia, kwa sababu upande unaofunika hukunjwa ndani na unaofunikwa hubaki umenyooka. Asiyetaka kuumiza kichwa aishushe bitana hadi juu ya mpasuo tu, aikunje, basi.

Lakini kwa sitara hasa, mimi nauchagua mpasuo wenye kipande cha kuuziba kwa ndani. Ongeza inchi 3 kila upande wa mstari wa kati, halafu chora kipande cha peke yake chenye upana wa inchi 6, urefu sawa na nyongeza, usisahau akiba ya mshono. Nyongeza zikikunjwa zikutane katikati, kipande hukaa nyuma yake. Mtu akisimama, hakionekani chochote. Akitembea, anapata inchi 12 na mguu umefunikwa. Hapa naweza kupanda hata juu ya goti bila wasiwasi. Kitambaa kizito usikitie, kitatuna nyuma. Piga pasi mikunjo kabla ya kushona upindo wa chini, na uifunge juu kwa mshono unaovuka tabaka zote.

Kwa khanga, weka karatasi vyengine kabisa. Pindo limezunguka pande zote nne, kwa hiyo lile la upande mfupi linaweza kuwa ukingo wa mpasuo wa kupishana mbele, bila kukunja sana. Linganisha kona za pindo kwanza, na uangalie jina, yale maneno yaliyoandikwa, lisije likakatwa katikati. Mteja atalisoma kabla hajaitazama kazi yako.